Je, Umeme Waweza Kutibu Usahaulifu wa Wazee?

Siku hizi habari nyingi hutufikia kwa simu. Mtoto aliye Ubelgiji au Afrika ya Kusini huwapelekea jamaa zake picha ya mgonjwa aliyeketi kitini, na juu ya kichwa chake kimewekwa chombo chenye umbo la nane. Chini ya picha imeandikwa kwamba wazee waliopotewa na kumbukumbu wanatibiwa kwa umeme, bila kupasuliwa na bila sindano. Basi jamaa huuliza: Je, ni kweli? Tena huuliza: Je, tuuze kiwanja tumpeleke mama huko?

Jibu letu ni hili. Habari si uwongo, lakini usiuze kiwanja.

Kwanza yafaa tuujue ugonjwa wenyewe. Mwaka 1906 daktari mmoja Mjerumani, jina lake Alois Alzheimer, aliwaeleza wenzake habari za mwanamke aliyepotewa na kumbukumbu, naye hakuwa mzee sana. Alipokufa, daktari aliutazama ubongo wake kwa hadubini. Aliona umenyauka, una takataka ndogo ndogo kati ya seli zake, na ndani ya seli nyuzi zimesokotana. Ugonjwa huo unaitwa Alzheimer hata leo, nao si uzee tu. Mzee mwenye afya husahau mahali alipoweka ufunguo. Mgonjwa huyu husahau ufunguo ni wa kazi gani. Mama aliyepika bukari miaka 50 husimama mbele ya sufuria, hajui kama maji yatangulia au unga. Mzee aliyefanya kazi Gécamines tangu ujana wake huamka saa nane ya usiku, hutafuta kofia yake ya mgodi, huukasirikia mlango uliofungwa kwa kuwa zamu yake inaanza. Mke wake akimshika mkono, humwuliza: Wewe ni nani?

Hapo ndipo maneno mabaya huanza. Bibi mzee akitangatanga usiku nyuma ya nyumba za watu na kusema maneno yasiyo na maana, majirani wengi hawasemi kwamba ni mgonjwa. Husema ni mlozi. Wako waliopigwa kwa neno hili, wako waliofukuzwa na watoto wao wenyewe, na wengine waliowafukuza walikuwa watu wa kanisa. Twasema wazi: ugonjwa ule umo ndani ya ubongo, na madaktari wauona kwa macho. Wala hakuna maombi ya kutoa pepo yawezayo kuwa badala ya kumpima mgonjwa.

Sasa tuje kwa umeme. Ubongo wenyewe hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Seli moja huipasha nyingine habari kwa njia hiyo. Kwamba umeme unaweza kuugusa mwili, watu waliligundua zamani. Wavuvi wa Lualaba wanamjua samaki yule anayepiga mkono ganzi. Huko Rumi ya kale, karibu miaka 2000 iliyopita, mganga Scribonius Largus alishauri samaki wa baharini wa namna hiyo awekwe, angali hai, juu ya kichwa kinachouma. Hatusemi mfanye hivyo!

Chombo cha siku hizi kilianza mwaka 1985 katika mji wa Sheffield, Uingereza, mikononi mwa Anthony Barker na wenzake. Ndani yake mna waya uliozungushwa mara nyingi, nao huwa ni wa shaba, jambo ambalo watu wa Kolwezi wataliangalia vizuri. Umeme mkali hupitishwa katika waya ule kwa muda mfupi kuliko sehemu ya elfu ya sekunde. Hapo nguvu ya sumaku huzuka, hupenya mfupa wa kichwa bila kuumiza, na ndani ya ubongo huamsha umeme mdogo. Mgonjwa yu macho, husikia mlio wa tak-tak-tak na kama kidole kinachomgonga kichwani. Tangu mwaka 2008 serikali ya Marekani iliruhusu chombo cha namna hiyo kwa watu wenye ugonjwa wa huzuni nzito ambao dawa haikuwasaidia.

Je, na Alzheimer? Habari iliyo bora tunayoijua ilitoka Rumi, mwaka 2022. Daktari Giacomo Koch na wenzake waliwachukua wagonjwa 50, ambao ugonjwa wao haujafika mbali. Nusu yao waliwekewa chombo cha kweli juu ya sehemu ya nyuma ya kichwa, mahali ambapo ubongo huhusika na kukumbuka. Nusu nyingine waliwekewa chombo kinacholia vile vile lakini hakina nguvu, wala mgonjwa hakuambiwa amepata kipi. Walifanya hivyo kila siku ya kazi kwa wiki mbili, kisha mara moja kwa wiki, hata zikatimia wiki 24. Wale wa chombo cha bure waliendelea kurudi nyuma. Wale wa chombo cha kweli walikaa karibu pale pale walipokuwa.

Soma tena neno hilo la mwisho. Walikaa pale pale. Hawakupona, wala ubongo ulionyauka haukuota upya. Hata hivyo jambo hili si dogo, maana mwenye kumtunza mgonjwa anajua thamani ya miezi sita ambayo baba bado anavaa shati mwenyewe na kuwajua watoto wake. Lakini watu 50 ni wachache, na wiki 24 si miaka. Yapasa jambo hili lijaribiwe kwa watu wengi zaidi, kwa muda mrefu zaidi. Ziko njia nyingine pia, kama umeme hafifu unaopitishwa kwa sponji zenye maji, na taa zinazowaka na kuzimika mara 40 kwa sekunde, ambazo mwaka 2016 zilijaribiwa kwa panya huko Marekani. Nazo ni za kungojewa.

Tena chombo hiki chaweza kudhuru. Mtu mwenye kifafa, au mwenye chuma kichwani, au mwenye mashine ndogo ya moyo kifuani, aweza kupata hatari. Kwetu kifafa si ugonjwa wa nadra.

Kuna na wachuuzi. Wanauza bangili za sumaku, kofia za sumaku, mikanda ya umeme, na kusema kwamba ni dawa ile ile ya Ulaya. Si ile ile. Sumaku iliyotulia haiamshi umeme wowote katika ubongo; nguvu ya chombo cha Sheffield ni katika kubadilika kwake upesi sana. Bangili ya sumaku ni bangili tu. Na mtu anayejiunga mwenyewe na betri au na waya wa nyumba anacheza na mauti.

Wengine husema vyombo hivi si vya watu wa Kongo, kwamba sisi tutosheke na malaria. Hatukubali. Watu wetu nao wanazeeka. Huko Hai, chini ya Kilimanjaro katika Tanzania, watafiti waliwapima watu 1198 wenye miaka 70 na zaidi, wakaona kwamba karibu 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kupotewa na akili. Katika Kinshasa, Jean Ikanga na wenzake wamewapima wazee Wakongo, kumbukumbu zao na damu zao, kwa kuwa maswali yaliyotungwa kwa watu wa Ulaya humdanganya daktari anapomwuliza mama ambaye hakuingia shule. Kazi hiyo ni njema, na majaribio ya chombo cha sumaku yafanywe kwetu vile vile. Malori yanapita Kolwezi usiku na mchana yakichukua shaba ya kutengeneza waya za dunia. Si haki sisi turudishiwe picha za simu tu.

Lakini mgonjwa wako yupo leo, na umeme wa mtaani wako labda umekatika jioni hii. Ufanye nini?

Mlete apimwe. Si kila mzee anayesahau ana Alzheimer. Shinikizo la damu, kisukari, kaswende ya zamani, ukosefu wa vitamini, huzuni nzito, pombe, dawa za usingizi, vyote vyaweza kuvuruga kumbukumbu, na baadhi yake vina dawa. Mtazame masikio pia, maana mara nyingine mzee haelewi kwa sababu hasikii. Mwaka 2024 mabingwa walioandika katika jarida la The Lancet walisema kwamba karibu nusu ya magonjwa haya yangeweza kuzuiwa au kuchelewa kama mambo 14 yangeangaliwa, na kati yao wametaja uziwi, macho mabovu, shinikizo la damu, sigara na upweke.

Tena iko njia ya kuuamsha ubongo isiyohitaji waya. Huko Hai waliwakusanya wagonjwa 34 katika vikundi vidogo, mara 14 kwa wiki saba. Waliimba, wakazungumza habari za mazao na vyakula, wakashika vitu vya zamani mkononi, wakataja majina yao. Habari zilizoandikwa mwaka 2017 zilionyesha kwamba akili zao zilipata nafuu, na maisha yao pia. Kikundi kama hicho chaweza kukutana Kapata au Mutoshi chini ya mwembe. Chahitaji mtu mmoja aliyefundishwa, mkeka, chai, na mambo wanayoyajua wazee: ungo, jembe, taa ya mgodi, nyimbo walizoimba utotoni. Mzee aliyesahau jina la binti yake mara nyingi huimba beti zote za wimbo wa zamani. Msimcheke akikosea, wala msimsahihishe kila neno.

Neno moja la haraka. Mzee akivurugika akili ghafula, kwa saa chache au siku mbili tatu, au mdomo ukienda upande na mkono ukalegea, huo si usahaulifu wa polepole tuliouandika hapa. Yaweza kuwa malaria, homa ya mapafu, au mshipa uliopasuka kichwani. Msingoje kesho; mleteni saa ile ile, hata usiku, pamoja na dawa zote anazokunywa.