Runinga kuukuu ya Keroka ni mzigo wa nani?

Mwishoni mwa mwaka wa 2024 serikali ilichapisha kanuni zinazomtwika mtengenezaji na mwagizaji wa bidhaa jukumu la kuhakikisha kuwa bidhaa hizo zinakusanywa na kushughulikiwa ipasavyo zinapochakaa. Kanuni hizo zinatokana na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022, na vyombo vya kielektroniki vimo. Kwa lugha nyepesi, anayeingiza runinga nchini leo ndiye atakayegharimia safari yake ya mwisho.

Mantiki hiyo haina kasoro kwa runinga ya leo. Tatizo ni kwamba vifaa vinavyolundikana katika karakana za Keroka, Suneka, Kebirigo na Daraja Mbili si vya leo. Ni runinga zenye mgongo mrefu, redio za kaseti, vichezeshi vya michezo ya video na tarakilishi za mitumba zilizoingia nchini wakati ambapo hakuna aliyeulizwa zitazikwa wapi. Baadhi ya kampuni zilizoviunda zimeacha biashara hiyo, na wafanyabiashara walioviagiza wengi hawajulikani. Kwa vifaa kama hivyo, kanuni inamtafuta mtu ambaye hayupo.

Ili kuelewa uzito wa suala hili katika kaunti za Kisii na Nyamira, ni lazima kurejea jinsi mitambo hiyo ilivyofika milimani.

Katika miaka ya 1990, nyaya za umeme zilikuwa hazijavifikia vijiji vingi vya Gusii. Hata hivyo runinga zilikuwapo. Zilizotamba zaidi mashambani nchini ni zile ndogo za picha nyeusi na nyeupe kutoka China, hasa zenye chapa ya Great Wall, ambazo zingeweza kuendeshwa kwa betri ya gari ya volti 12. Betri ikiisha nguvu ilibebwa hadi sokoni kuchajiwa. Waliojiweza walinunua paneli ndogo za sola, na watafiti wengi wa soko la sola la Kenya wanakubaliana kwamba kilichowasukuma wanunuzi hao kilikuwa hamu ya kutazama runinga, sawa na ilivyokuwa hamu ya taa.

Nyuma ya kila runinga ya aina hiyo alikuwapo fundi. Si kampuni iliyoitunza miaka ishirini, wala si duka lililoiuza. Ni yeye aliyebadilisha kapasita, akalehemu bodi upya, na aliposhindwa kuiponya akaifanya ghala la vipuri vya kuponyea nyingine. Huo ndio mfumo pekee wa kurejeleza taka za kielektroniki ambao Gusii imewahi kuwa nao, na haukuundwa na sheria yoyote.

Pigo la kwanza kwa runinga hizo lilikuja mwaka wa 2015. Kenya ilikuwa imeanza majaribio ya matangazo ya dijitali Desemba 2009, na tarehe ya mwisho iliyowekwa kimataifa ilikuwa Juni 17, 2015. Waziri wa Habari na Mawasiliano wakati huo alikuwa Dkt Fred Matiang'i, mzaliwa wa Borabu, Nyamira. Mvutano wake na mashirika makubwa ya habari ulifikia kilele Februari mwaka huo, vituo kadhaa vya kibinafsi vilipotoweka hewani kwa takriban wiki tatu. Mitambo ya analojia ilipozimwa, runinga isiyo na king'amuzi ilibaki sanduku la kioo.

Lakini haikutupwa. Matundu ya kupokea picha na sauti kutoka kwa vifaa vingine yalikuwa bado yanafanya kazi katika runinga nyingi za rangi, na hapo ndipo michezo ya video ilipozipa maisha ya pili. PlayStation 2, iliyotolewa na Sony ya Japani mwaka wa 2000 na kuuzwa zaidi ya vifaa milioni 150 kote duniani, ilikuja na nyaya zilizoingia moja kwa moja katika matundu hayo. Kabla yake yalikuwapo madude ya bei nafuu kutoka China yaliyoiga Famicom, mtambo ambao Nintendo iliutoa mwaka wa 1983. Mengine yaliundwa yakiwa na kibodi na kuuzwa kana kwamba ni tarakilishi. Kwa watoto wengi wa Afrika Mashariki, hiyo ndiyo iliyokuwa kibodi ya kwanza kuguswa kwa mikono yao.

Vibanda vya michezo hiyo mitaani vilihitaji runinga ya bei ya chini, na runinga iliyokosa matangazo ndiyo iliyopatikana. Wazazi na walimu walivilaumu vibanda hivyo kwa kuwatorosha watoto darasani, na hawakukosea kabisa. Hata hivyo, kwa upande wa taka, kibanda kimoja kilikuwa na faida kuliko warsha nyingi za hotelini: kilikitumia chombo hadi kilipokoma.

Baadaye zikaja mashine za sarafu. Kufikia mwaka wa 2017, mashine za kamari kutoka China, zilizobatizwa bonanza na wengi, zilikuwa zimefika katika vituo vya biashara vijijini sehemu nyingi za nchi, zikimeza sarafu za Sh20 za wanafunzi na vibarua. Dkt Matiang'i, ambaye sasa alikuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, aliongoza msako mkali, na mwaka wa 2018 shehena ya mashine zilizonaswa ikateketezwa hadharani mjini Ngong, Kaunti ya Kajiado.

Waliopoteza fedha katika mashine hizo walishangilia, na walikuwa na haki. Kinaya ni kwamba ndani ya kila mashine mlikuwa na bodi za saketi, nyaya zilizofunikwa kwa plastiki na vipande vya risasi ya kulehemu, yaani vitu ambavyo mwongozo wa taka za kielektroniki uliotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) mwaka wa 2010 haukutaka vichomwe ovyo. Serikali ilifanya mchana, mbele ya kamera, jambo ambalo mwokota chuma chakavu hukaripiwa kwa kulifanya jioni nyuma ya soko. Rasimu ya kanuni kamili za taka hizo iliandaliwa mwaka wa 2013 lakini haikuwahi kuanza kutekelezwa.

Athari za moshi na mabaki hayo zinaonekana upesi zaidi Gusii kuliko kwingineko. Sensa ya mwaka wa 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba, hivyo hakuna jangwa la kuficha jaa la taka. Popote linapowekwa, kuna boma, kisima au shamba la chai kando yake. Mto Nyakomisaro unapita katikati ya mji wa Kisii. Mto Gucha, unaoanzia nyanda za juu za Nyamira, unaishia Ziwa Viktoria. Kioo cha runinga kubwa ya zamani kinaweza kuwa na risasi inayofika kilo moja au zaidi. Kikiwa kizima hakina madhara makubwa. Kikivunjwa ili kuitoa shaba iliyomo nyuma yake, kisha vigae vikaachwa mvuani, hadithi ni nyingine.

Na huvunjwa kwa sababu shaba ina bei ilhali kioo hakina. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022 kufuatia uharibifu wa miundombinu ya umeme, na kuiruhusu tena Mei mwaka huo chini ya masharti mapya, mjadala wote ulihusu wizi wa nyaya. Kioo hakikuwa na mnunuzi kabla ya marufuku, na hakikumpata baadaye.

Yote hayo ni ya kale. Lipo rundo jingine ambalo ni changa zaidi na ambalo serikali haiwezi kudai kuwa halina mwenyewe.

Jubilee iliingia mamlakani mwaka wa 2013 ikiwa imeahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Baada ya zabuni ya kwanza kufutwa, mradi ulianza upya mwaka wa 2016 kwa majaribio katika shule 150, safari hii kwa vishikwambi. Kazi ya kuviunganisha ilipewa miungano miwili, mmoja wa Chuo Kikuu cha Moi na kampuni ya JP Sá Couto ya Ureno, na mwingine wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) na Positivo BGH. Kufikia mwisho wa utawala huo mwaka wa 2022, zaidi ya vifaa milioni 1.1 vilikuwa vimepelekwa katika shule zaidi ya 21,000 za msingi za umma. Shule za Kisii na Nyamira zilipata mgao wake, pamoja na projekta na vipakatalishi vya walimu.

Vya mwanzo sasa vinakaribia miaka kumi. Betri ya lithiamu iliyoachwa muda mrefu bila kuchajiwa hudhoofika, na nyingine huvimba. Mwalimu mkuu mwenye kabati la vishikwambi visivyowaka hawezi kuvitupa, kuvigawa wala kumuuzia fundi wa sokoni. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka wa 2015 inataka kamati ya uuzaji wa mali ikae, ipendekeze, kisha vifaa vihamishiwe taasisi nyingine ya umma, viuzwe kwa zabuni au mnada, au vishughulikiwe kama taka. Ni utaratibu wa busara kwa trekta au gari. Kwa kishikwambi kilichovunjika kioo, gharama ya vikao inaweza kuipita thamani ya mali yenyewe. Matokeo yake ni kufuli.

Hapa ndipo kanuni za 2024 zinapoweza kupimwa. Kwa runinga ya Great Wall, mtengenezaji yuko mbali na mwagizaji hajulikani. Kwa kishikwambi cha shule, aliyekiunganisha anajulikana, aliyekilipia ni serikali yenyewe, na kilipo kinajulikana kwa kuwa kimo katika daftari la shule. Kituo cha kuvipokea pia kipo: shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka wa 2002 kuzikarabati tarakilishi za mitumba kwa ajili ya shule, ndilo lililozaa WEEE Centre ya Nairobi, ambayo huvibomoa vifaa vya kielektroniki kwa utaratibu salama.

Kinachokosekana ni daraja kati ya kabati la shule na Nairobi. Sheria ya 2022 inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kuchambua na kuokoa bidhaa kutoka kwa taka, na kituo kimoja kinachotumiwa na Kisii na Nyamira kwa pamoja kingefaa zaidi kuliko viwili dhaifu. Keroka, mji ulio mpakani ambao kaunti hizo zimezoea kuugombania kwa sababu ya ushuru wa soko, una karakana na barabara tayari. Mafundi wake wanaweza kufanyiwa mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA), wapewe vyeti, na walipwe kwa kila kifaa wanachokibomoa vyema, kioo kikiwamo. Bila malipo ya kioo, shaba itaendelea kuondoka sokoni na vigae vitaendelea kubaki mtaroni.

Pendekezo la ushuru wa mazingira kwa vifaa vya kielektroniki lilikuwa katika Mswada wa Fedha wa 2024, uliotupwa Juni mwaka huo baada ya maandamano ya vijana. Ni vigumu kuona serikali yoyote ikilirudisha karibuni, hivyo fedha za kuanzia itabidi zitoke kwa waagizaji chini ya kanuni mpya na katika bajeti za kaunti. Mabunge ya kaunti ya Kisii na Nyamira hayahitaji kusubiri Nairobi ili kuuliza swali la kwanza, ambalo ni la kuhesabu tu: ni vishikwambi vingapi vilivyo katika makabati ya shule za kaunti hizo mbili, na vingapi kati yake bado vinawaka.