Pikipiki ya Mbio: Ndogo au Kubwa?

Kuna jambo lililotunyima usingizi bwenini muhula huu mzima, nalo ni hili: mtu anayetaka pikipiki ya mbio, ya kupanda barabarani siku za kazi na kuipeleka kiwanjani siku ya mapumziko, achague ndogo au kubwa? Najua wazee watakaosoma ukurasa huu watasema haya ni mambo ya watoto. Nawaomba wanivumilie, kwani kwangu mimi si mchezo. Ni habari ya kaka yangu.

Kaka ni fundi wa pikipiki mjini Doha, nchi ya Qatar. Likizo iliyopita alileta ujumbe kwa simu ya mama kwamba amekwisha weka akiba ya kutosha, na kwamba pale karakana kuna pikipiki mbili zinazouzwa, zote za Yamaha, zote za mwaka 2015. Moja ni R3 yenye injini ya cc 321, ya pili ni R1 ya cc 998. Bei zao hazikuachana sana, maana ile kubwa ilikwisha anguka mara moja na kutengenezwa. Mwishoni akaniandikia mimi: "Mdogo wangu, wewe ndiye unayesoma Fizikia. Wasemaje?"

Nakiri kwamba kama ningejibu siku ile ile, ningesema kubwa. Nani kati yetu asiyetaka kaka yake apande pikipiki ya cc 998? Lakini mama alikuwa amesimama nyuma yangu akisoma pole pole, naye aliuliza swali moja tu: "Ipi ina nguvu ya kumshinda?" Sikuwa na jibu, basi nikarudi shuleni nikakaa na daftari langu.

Hesabu yenyewe ni hii. R1 ya mwaka ule hutoa nguvu ya kilowati 147 na uzito wake ni kilo 199. R3 hutoa kilowati 31 hivi, na uzito wake ni kilo 169. Gawanya nguvu kwa uzito, utaona kwamba kila kilo moja ya R1 inasukumwa na nguvu mara nne ya ile ya R3. Mara nne! Gia ya kwanza peke yake huivusha R1 kilomita 100 kwa saa, na bado zipo gia tano. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa mtu hupita mita 28 kwa nukta moja, yaani kabla hajakaza breki. Mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya kusimamia haizidi mara mbili, huzidi mara nne, kama mwalimu wetu alivyotuonyesha ubaoni. Nami nayaandika haya nikifikiria mchanga, kwani huko kaka aliko upepo huumwaga mchanga juu ya lami, na tairi haijui kama dereva ni fundi au si fundi.

Wenzangu bwenini hawakukubali. Mmoja, ambaye nampenda ingawa hubishana hata na kengele ya kulala, alisema, "Kubwa pia huenda pole pole ukitaka. Mkono ni wako." Maneno hayo yana ukweli, lakini si wote. Mkono ni wangu nikiwa nimetulia. Nikistushwa na shimo au na gari linalorudi nyuma, mkono hujikunja wenyewe. Katika pikipiki ndogo kosa hilo huleta mstuko tu. Katika kubwa mtu huweza kuachana na kiti. Mwingine alisema R1 ina vyombo vya umeme vinavyozuia gurudumu la nyuma lisiteleze. Ni kweli, inavyo, na ni vyombo vya ajabu. Ila havimzuii mtu kuingia katika kona kwa mwendo ambao kona yenyewe haiukubali.

Wapo pia waliosema, "Basi achukue ya kati, ya cc 600." Rai hii husikika ya busara kuliko zote, nami naiogopa kuliko zote, kwa sababu ya kati hapa si ya kati. Yamaha R6 ina cc 599, lakini hutoa kilowati 87 hivi, karibu mara tatu ya R3, na nguvu hiyo hulala mpaka injini ianze kupiga kelele, ndipo huamka yote pamoja. Hiyo ni pikipiki ya mashindano iliyofungwa taa. Tena tangu mwaka 2021 kule Ulaya Yamaha imeiuza kwa ajili ya kiwanjani tu, si barabarani.

Sasa tuje kiwanjani, maana hapo ndipo wengi wanapodhani ndogo haina heshima. Valentino Rossi alichukua ubingwa wa dunia wa cc 125 mwaka 1997, wa cc 250 mwaka 1999, ndipo akachukua wa cc 500 mwaka 2001. Marc Márquez naye alianza na ubingwa wa cc 125 mwaka 2010. Mwaka 2018 binti wa Kihispania, Ana Carrasco, alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika mbio za pikipiki za mpandaji mmoja za barabara ya lami, akiwashinda wanaume kwa pikipiki ya Kawasaki ya cc 400. Hawa hawakujifunza kuvuta mafuta, walijifunza kona. Mwenye pikipiki ndogo akipoteza mwendo katika kona hana nguvu ya kuurudisha, kwa hiyo hulazimika kuipita kona vizuri. Mwenye kubwa huweza kuiharibu kona, kisha akajisahihisha kwa mkono, akarudi nyumbani akidhani anajua.

Lakini nisiwe mdanganyifu. Uwanja wa Lusail, ambao kaka anautamani, una sehemu iliyonyooka ya mita 1,068. Pikipiki za MotoGP hupita pale kwa zaidi ya kilomita 350 kwa saa, na R3 haifiki hata 200. Kaka atapitwa pale kama mti uliopandwa kando ya njia. Na katika barabara kuu, kwa mwendo wa 120, injini ndogo hulia sana na upepo wa magari makubwa humsukuma mpandaji. Kama angekuwa amekwisha panda miaka mitano kiwanjani, ningemwambia achukue R1 na mama ningembembeleza mwenyewe. Lakini kaka amezitengeneza pikipiki nyingi kuliko alizozipanda, na kuijua injini si kuijua kona.

Uingereza kijana wa miaka 17, yaani rika langu, huruhusiwa kujaribiwa kwa pikipiki isiyozidi cc 125 na kilowati 11. Akifika miaka 19 huruhusiwa mpaka kilowati 35. Ile R3 imo, na R1 haimo hata akiiomba vipi mpaka awe na miaka 24, au 21 kama ameishika leseni ya kati kwa miaka miwili. Mwenzangu mbishi asema sheria hiyo ni ya watu waoga. Na aandike katika toleo lijalo, nitamsoma.

Mimi nilimwandikia kaka barua kurasa tatu, hesabu zote ndani, nikampa mama aipige picha na kuituma. Jibu lake sijalipata. Simu iko nyumbani, na shule haijafungwa.