Shida ya Jirani Haiuzwi



Kuna neno ambalo tunalisikia mlangoni mwa kanisa, Misa ya Dominika inapokwisha. Neno lenyewe ni hili: «Wakimbizi hawa ni wavivu, wamezoea kupewa. Na mwenye biashara ana haki ya kuuza kama soko linavyotaka.» Sisi makatekista tunalikataa neno hilo waziwazi, kwa maana ndani yake mna uongo, tena mna zambi.

Tuanze na uongo. Tunaijua jamaa moja: baba, mama, watoto watano na bibi yao. Kwao ni Masisi, walikokuwa na shamba la viazi na maharagi. Mwaka 2024 mapigano yaliwafukuza, wakaishi chini ya hema huko Bulengo, karibu na Goma. Mwezi wa Januari 2025 kundi la M23 likashika mji wa Goma, na mwezi uliofuata kambi zikaondolewa. Wakarudi kwao, wakakuta nyumba imechomwa, shamba limeota majani, na mbegu hawana. Wakashuka tena mjini. Wakapanga chumba kimoja cha mbao, watu wanane.

Je, siku yao ilikuwaje? Saa kumi ya usiku mama aliamka, akabeba bidoni ya lita 20 kwenda ziwani, ingawa alijua kwamba maji yale si safi. Baba alikwenda kukodi chukudu ili asukume makala ya watu. Siku asipopata mzigo, alirudi na deni la chukudu. Msichana wao wa miaka 12 aliacha masomo, akaponda mawe ya volkeno kwa nyundo. Bibi alichambua maharagi kwa mwenye duka, na mshahara wake ulikuwa yale yaliyovunjika. Jioni walikula mara moja tu, sombe bila mafuta, na mama alikula mwisho, kama kimebaki kitu.

Na huko kambini walikotoka, walipaswa kuchagua nani aende porini kutafuta kuni. Mwanamume akienda, aweza kuuawa. Mwanamke akienda, aweza kutendewa aibu. Mume na mke walikaa chini wakapima jambo hilo, kwa sababu watoto hawawezi kula maharagi mabichi. Ewe unayesema wavivu, wewe umewahi kupima jambo kama hilo kabla ya kupika?

Sasa tuseme juu ya zambi. Goma iliposhikwa, mabenki yalifungwa na uwanja wa ndege ukafungwa. Fedha ikawa adimu. Mara wakaonekana watu waliokata sehemu kubwa ya fedha ya mjane, ati kwa sababu wao wana noti mkononi. Wengine walidai kodi ya miezi sita mbele. Wengine waligonga kopo la kupimia, chini likaingia ndani, na mama aliyelipa kopo zima akapata pungufu. Nabii Amosi aliwakemea watu wa namna hiyo zamani sana, waliopunguza kipimo ili kumnunua maskini. Wazee wetu nao walisema: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Je, Mkristu aliyebatizwa atakubali kuwa kunguru?

Mwenye duka atatujibu: «Barabara ni mbaya, kila kizuizi wananitoza, gari langu laweza kuporwa.» Ni kweli, nasi hatumlaumu kwa hayo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba muuzaji aweza kudai hasara yake mwenyewe. Lakini haifai aongeze bei kwa sababu tu mnunuzi ana shida kubwa. Shida ile ni ya mnunuzi, si mali ya muuzaji. Naye hawezi kuuza kisicho chake. Basi, hesabu barabara, hesabu kizuizi, hesabu faida ya kulisha watoto wako. Machozi ya mama yule usiyahesabu.

Mtatuambia pia: «Mkemeeni mwenye bunduki kwanza!» Tunamkemea, na damu ya watu itamdai mbele ya Mungu. Lakini yeye hasomi karatasi hii. Wewe unaisoma. Mwenye bunduki alimwondoa maskini katika shamba lake. Wewe usimwondoe katika chumba chake.

Wala sisi makatekista tusijione watakatifu. Mmoja wetu alikuwa na kijumba cha kupangisha, akapandisha kodi pamoja na wengine. Mke wake ndiye aliyemwuliza: «Kesho utawafundisha watoto amri ya saba kwa mdomo gani?» Akarudisha fedha. Tunaandika jambo hili kwa ruhusa yake.

Basi, ndugu, tufanye haya. Mwenye kopo lililogongwa alinyoshe au alitupe. Mwenye nyumba apokee kodi ya mwezi mmoja mmoja. Mwenye mtaji auze bila deni la siri. Kila shirika lihesabu jamaa za wakimbizi walio karibu nalo, liwajue kwa majina, lihakikishe kwamba mtoto mmoja walau anarudi masomoni. Na aliyezidisha bei juu ya njaa ya mwenzake asitosheke na kitubio: arudishe alichotwaa, kisha aje kwenye meza ya Bwana.