Kabla ya Fensi, Salimia Jirani
Wasee, tulipohama Nairobi kuja Kitengela, kitu ya kwanza baba alitaka kwa ploti yetu ya 50 kwa 100 ni fensi. Jirani, mzee wa Kimaasai, akamuuliza polepole: "Na ng'ombe zitapitia wapi?" Tukanyamaza.

Tunapenda kusema huku kulikuwa pori tupu. Zii. Nyumbu na pundamilia hutoka mbuga ya Nairobi wakati wa mvua kutafuta nyasi huku Kajiado, na kila fensi mpya inawabana. Mwaka wa 2012, simba 6 waliuawa hapa Kitengela baada ya kuvamia mifugo.

Mimi naona hivi: ukinunua ploti, hujanunua njia ya wenyewe. Baba alisongesha fensi ndani kidogo. Babako angekubali?