"Taa nyekundu" ni ngapi?

Shangazi aliambiwa anunue "taa nyekundu" kwa maumivu ya miguu. Dukani, hapa Nguba, tulionyeshwa mbili kwa jina hilo hilo. Moja ni ampule ya wati 150: kazi yake ni kupasha joto, na ikikaribia ngozi inaunguza. Nyingine ni kibao cha LED, chenye mwanga mwekundu wa nanomita 660 na wa 850 usioonekana kwa macho. Joto lake ni dogo. Shangazi ana kisukari, na miguu yake haisikii moto vizuri. Kwake jina lisilotofautisha linaweza kuzaa kidonda. Tulichukua ya pili. Basi sisi wa isimu tusingoje kamusi: tuseme "taa ya joto" na "taa baridi", tena tuanzie dukani.