Picha ya Faragha Inapogeuzwa Fimbo

Wiki hii tunagusa jambo ambalo familia nyingi hulizungumza kwa kunong'ona. Talaka imetoka, eda imekwisha, na mtalaka anamwandikia aliyekuwa mkewe: achana na madai ya matunzo ya watoto, ama picha zako zitamfikia baba yako. Picha hizo alizipokea akiwa mume. Zilikuwa amana baina ya wawili, leo zimekuwa fimbo.

Sheria inasemaje? Hapa Tanzania, kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuchapisha picha za ngono mtandaoni. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili. Ni adhabu nzito. Hata hivyo, kinachotazamwa hapo ni uchafu wa picha. Kifungu hakiulizi kama mwenye picha aliridhia isambazwe. Ndiyo maana mwanamke aliyesalitiwa husita kwenda polisi, akichelea kuhesabiwa miongoni mwa waliotenda uchafu huo.

Wenzetu wa Kenya, katika kifungu cha 37 cha sheria yao ya mwaka 2018, wametaja waziwazi kusambaza picha ya faragha ya mtu mwingine. Faini haizidi shilingi 200,000 za huko, na kifungo hakizidi miaka miwili. Kwa madhara tunayoyazungumzia, ni adhabu hafifu mno. Lakini walau sheria hiyo inatambua kwamba yupo mtu aliyedhulumiwa, nasi twaona hilo ndilo pengo la sheria yetu: ukali tunao, ridhaa hatujaitaja.

Sisi Waislamu jambo hili halikupaswa kutushangaza. Mafunzo ya Mtume (S.A.W.) yamemkemea vikali mume anayetangaza siri za mkewe, naye hakusubiri simu za mkononi zivumbuliwe. Inakuwaje basi, picha inapovuja, swali la kwanza nyumbani liwe "kwa nini ulipiga?" na aliyeivujisha asiulizwe neno? Tumewaona wazee wenye hekima zao wakianza na swali hilo, na binti akanyamaza moja kwa moja.

Binti akikujia na habari hiyo, mama, msikilize kwanza. Usimwamuru afute kila kitu kwa hofu: ujumbe wa vitisho, namba iliyoutuma, tarehe na saa, vyote vihifadhiwe, kwani ndio ushahidi. Asilipe wala asiache haki yake kwa kutishwa. Anayelipwa mara moja hurudi. Aende polisi akiwa na mtu wa kumshika mkono, na mtu huyo akiwa baba yake, itapendeza zaidi.

Na wewe uliyeipokea picha hiyo katika kundi la ukoo, usiipeleke kwa shangazi hata kwa nia ya kuonya. Ukiisambaza, kifungu cha 14 chaweza kukugusa na wewe.