Kipima unyevu ni mizani ya pili: kijana, acha kuuza mahindi kwa meno

Leo naanza na kosa langu mwenyewe, maana bwana shamba anayeficha makosa yake hana cha kumfundisha mtu.

Msimu mmoja wa vuli, kikundi cha vijana huku kwetu walivuna mahindi mwezi wa pili. Wakayapukuchua, wakayaanika kwenye maturubai, wakaniita niyapime kabla ya kufunga magunia. Nilifika saa nane mchana, jua la kutosha. Nikachota punje za juu ya turubai, nikazimimina kwenye kipima unyevu, kikaandika 13.2. Nikawaambia, "Fungeni, mko salama."

Siku tano baadaye simu ikaita. "Shikamoo bwana shamba. Tumekwama huku ghalani. Kipimo chao kinasema 14.8, wanataka gari ligeuke." Na gari likageuka kweli. Nauli ya kwenda walilipa wao, ya kurudi wao, na walipofika nyumbani mvua za masika zilikuwa zimeshaanza. Kuanika upya ikawa ni kukimbizana na mawingu kila siku.

Nilitamani sana kusema kwamba tumeibiwa. Lakini hapana. Kipimo changu kilikuwa kizima, na cha ghalani kilikuwa kizima. Aliyekosea ni mimi, kwa sababu nilikuwa nakitumia kifaa nisichojua kinafanyaje kazi. Ndiyo maana leo nasema wazi msimamo wangu: kikundi chochote cha vijana kinachouza nafaka kwa tani kiwe na kipima unyevu chake, na kiwe na watu wawili au watatu wanaokielewa kwa ndani, siyo wa kubonyeza tu. Kifaa bila uelewa ni jino lenye betri.

Kinafanyaje kazi?

Chukua simu yako ya kugusa. Ukiigusa kwa kidole inaitikia. Ukiigusa kwa kijiti kikavu, kimya. Tone la mvua likidondoka juu ya kioo, inaanza kujifungulia vitu yenyewe. Umewahi kujiuliza kwa nini? Chini ya kile kioo kuna waya nyembamba sana zinazotunza chaji kidogo ya umeme. Kidole chako kimejaa maji na chumvi, kwa hiyo kikikaribia kinabadilisha kiasi cha chaji kinachotunzwa pale, na simu inajua umegusa wapi. Kijiti kikavu hakibadilishi kitu cha maana.

Kipima unyevu cha nafaka kinatumia ujanja huohuo. Ndani ya kile kikombe kuna vipande viwili vya chuma visivyogusana. Vipande viwili namna hiyo, vikiwekewa umeme, vinatunza chaji. Mafundi redio wanaita kapasita. Kiasi cha chaji kinategemea kilichopo katikati. Kukiwa na hewa tupu, tuseme uwezo ni 1. Nafaka kavu sana inaupandisha kidogo tu, mara mbili hadi tano hivi. Lakini maji yanaupandisha karibu mara 80. Unaona tofauti hiyo? Maji yanapiga kelele, vingine vyote vinanong'ona. Kifaa kinasikiliza ile kelele, kisha kinaangalia jedwali lililohifadhiwa ndani yake na kukuandikia asilimia.

Kwa hiyo elewa jambo hili moja: kifaa hakioni maji. Kinapima umeme, halafu kinakisia maji kwa kutumia jedwali. Makosa yote yanayotugharimu yanaingilia hapo.

Vitu vinavyokidanganya

Cha kwanza ni zao. Mahindi yana jedwali lake, maharage lake, kahawa lake. Ukipima maharage ya Rulenge wakati kifaa kimebaki kwenye mahindi, namba itatoka vizuri tu, na itakuwa ya uongo.

Cha pili ni punje iliyotoka juani muda huohuo. Hapa ndipo niliponaswa. Jua linakausha ganda kwanza, kiini kinabaki na maji. Ukipima saa hiyo, kifaa kinasoma chini kuliko hali halisi. Mahindi yakikaa kwenye gunia siku mbili tatu, maji ya ndani yanasambaa hadi nje, na namba inapanda. Ongeza kwamba nilichota punje za juu tu, wakati za chini ya tabaka zilikuwa mbichi zaidi. Basi 13.2 yangu ilikuwa ni 13.2 ya ngozi ya punje za juu. Kinyume chake pia kipo: mahindi yaliyopigwa na umande au manyunyu yanasoma juu kuliko yalivyo, kwa sababu maji yamekaa nje.

Cha tatu ni joto. Nafaka ya moto inabadilisha usomaji. Vipimo vingi vina kipimajoto ndani cha kurekebisha, lakini kinahitaji kifaa na nafaka viwe vimekaa kivulini pamoja kwanza.

Cha nne ni ujazo. Ukimimina kwa kushindilia, punje nyingi zinaingia katikati ya vile vyuma na namba inapanda. Ukimimina kwa kulegeza, inashuka. Ndiyo maana kijitabu chake kinakuambia ujaze kiasi gani na umimine vipi. Mkono ule ule, mwendo ule ule, kila mara. Na kikombe kiwe kisafi, kisiwe na vumbi wala pumba.

Vile vya sindano ndefu unavyochoma kwenye gunia, vingi ni vya aina nyingine: vinapima jinsi umeme unavyopita kutoka sindano moja hadi nyingine. Vinafaa kwa kupepeta haraka gunia lipi lina shida. Kwa kuamua bei ya tani kumi, mimi nisingevitegemea peke yake.

Kwa nini nasema ni mizani ya pili

Sote tunaijua vita ya lumbesa. Kijana wa leo akifika sokoni anatazama kama mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo, na asipoiona anauliza. Safi kabisa. Lakini mnunuzi huyohuyo akitoa kipima unyevu mfukoni, akatazama kioo peke yake, akasema "16 hii, nakata," wote tunanyamaza. Hivi kweli tunailinda pesa mlango wa mbele na kuiacha itoke dirishani?

Tufanye hesabu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Tuseme mahindi yako kweli ni 13.5, ila kipimo cha mnunuzi kimekosea kwa pointi mbili na kinasoma 15.5. Katika kila kilo 100 atasema ukavu ni kilo 84.5, akigawanya kwa 0.865 anapata kilo 97.7. Anakukata kilo 2.3. Kwa tani kumi hizo ni kilo 230 na ushee, magunia mawili na zaidi, yamepotea bila mtu kugusa mizani. Na huenda hata yeye hajui kwamba kifaa chake kimekosea.

Wapo wazee watakaosema, "Sisi tumeng'ata punje miaka yote na tumeuza." Nawaheshimu, na jino la mzee mzoefu linatofautisha mahindi mabichi na makavu. Ila halitofautishi 13 na 15, na soko la leo liko hapo katikati. Wengine watasema kifaa ni ghali. Kwa mkulima wa gunia tano ni kweli, na sijamwambia anunue. Yeye anayo njia ya chupa na chumvi: chupa kavu yenye mfuniko, ujaze punje kama theluthi, weka vijiko vya chumvi kavu, tikisa dakika kadhaa, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umezidi takriban 15. Isipoganda, uko chini ya 15. Hiyo haikufikishi 13.5, ila inakuzuia kuhifadhi mahindi yanayokwenda kuoza. Kikundi kinachopakia gari zima, huo udhuru wa bei sitaukubali. Gari moja kugeuka linaumiza watu wengi kwa siku moja.

Siyo bei tu, ni uhai

Nisiwafiche. Mahindi mabichi ghalani ni shamba la kuvu, na kuvu wengine wanatengeneza sumukuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika ugali. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Wenzetu wa Kenya walipoteza watu 125 mwaka 2004. Na mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja hiyohiyo ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu siku chache baadaye kwa masharti ya vyeti.

Sisi huku tuko mpakani. Rusumo ni pale, Kabanga ni pale, na pale Nyakanazi magari yanapishana kwenda kila upande. Tunajisifu kwamba soko liko mlangoni. Sawa, lakini soko la mpakani ndilo la kwanza kufungwa mzigo ukitiliwa shaka. Na msimu wetu hautusaidii: mahindi ya vuli yanavunwa kukiwa na kipindi kifupi tu cha jua kabla masika hayajaingia. Anayeharakisha kufunga magunia, hasa yale ya kuzuia hewa, akumbuke kwamba gunia hilo linaua wadudu tu, halikaushi. Ulichofunga kibichi utakikuta kibichi.

Kwa mnaomwagilia

Najua vijana wa nyanya, vitunguu na kabichi mabondeni mnasubiri zamu yenu. Vihisi vya udongo vya kapasita, vile vibao vyembamba vya kuchomeka ardhini, vinafanya kazi kwa kanuni ileile: udongo mkavu unanong'ona, maji yanapiga kelele. Uzuri wake ni kwamba chuma chake kimefunikwa, hakiliwi na kutu haraka kama vile vya bei rahisi vyenye meno mawili ya chuma wazi.

Lakini namba yake msiiamini kabla ya kuifundisha. Mfinyanzi na kichanga havisomi sawa, na mbolea nyingi ya chumvichumvi inapotosha pia. Fanya hivi: chomeka kihisi usawa wa mizizi, sentimita 15 hadi 20, ukishindilia udongo usiache upenyo wa hewa. Sehemu ya juu yenye vifaa vya umeme ifunike kwa silikoni isiingie maji. Mwagilia hadi kutosheka, subiri siku moja au mbili maji ya ziada yashuke, soma namba. Hiyo ndiyo "imejaa" ya shamba lako. Kisha pembeni acha kipande kidogo mpaka majani yaanze kulegea asubuhi, soma tena. Hiyo ndiyo "imekauka." Mwagilia kabla hujafika katikati ya namba hizo mbili. Utashangaa ni siku ngapi ulikuwa unachoma petroli ya pampu bure, huku maji yakishusha mbolea yako chini ambako mizizi haifiki.

Ninachowaomba

Kabla ya msimu ujao kikundi kikae, kikubaliane mambo haya manne. Mosi, mchange, mnunue kipimo chenye jedwali la mahindi na la maharage. Pili, mkilinganishe na cha ghala mnalouzia, sampuli ileile, mara tatu, mkaandike tofauti kwenye daftari. Tatu, kila mara mpime kivulini, nafaka ikiwa imepoa, mkichota juu, katikati na chini ya magunia tofauti; pimeni mara tatu mchukue wastani, na mrudie siku ya tatu baada ya kufunga. Nne, sokoni muombe kuona kioo cha mnunuzi, na mpime mbele yake kwa chenu. Bila ugomvi. Mnunuzi mkweli atafurahi kukutana na wakulima wanaojua wanachouza, na ambaye hatafurahi amekupa jibu tayari.

Wale vijana wa gari lililogeuka wanacho kipimo chao sasa. Msimu uliofuata walinipigia, nikauliza kama niende kupima. Wakacheka. "Hapana bwana shamba, tumeshapima mara tatu. Wewe njoo tu uone tunavyopakia."

Nilikwenda. Na sikugusa kifaa.